Picha Niliyoichukia

Ketini vizuri. Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Leo kazi ya mwanzo ni kusikiliza tu. Kuandika kutakuja mwishoni.

Leo nitazungumza nanyi juu ya picha za senema: zile nilizozipenda na ile niliyoichukia. Mimi si bingwa wa mambo hayo. Sijapata kutengeneza picha, wala sikuyasomea. Mimi ni mtu wa kukata tikiti, kukaa kitini na kutazama. Lakini mtu aliyekula chakula aweza kusema kama chumvi imezidi, hata kama yeye si mpishi. Basi na mtazamaji naye ana haki ya kusema.

Siku hizi wengi wenu hutazama picha katika kibanda cha video, au katika simu. Na mkitoka hapo mwasema, "Picha ilikuwa nzuri," au, "Picha ilikuwa mbaya." Mwenzako akikuuliza, "Kwa nini?" wewe wajibu, "Basi tu, nimeipenda." Jibu hilo halitoshi. Kupenda ni kwako wewe, hakuna awezaye kukunyang'anya. Lakini ukitaka mwenzako akuelewe, huna budi kumpa sababu. Hilo ndilo somo letu.

Nianze na picha ya kwanza niliyoiona maishani mwangu. Nilikuwa mtoto mdogo, katika kijiji kimoja karibu na Tanga. Jioni moja gari la senema lilikuja, wakatundika shuka jeupe kati ya minazi miwili, na kijiji kizima kikaketi mchangani. Picha yenyewe ilikuwa The Gold Rush, ya Charlie Chaplin, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1925. Haikuwa na maneno ya kusikia.

Charlie yumo katika kibanda, nchi ya theluji, amekwenda kutafuta dhahabu. Njaa imemshika yeye na mwenzake. Basi anavua kiatu chake, anakichemsha sufuriani, anakipakua sahanini kwa adabu kama mtu aliyealikwa karamuni. Kamba za kiatu anazizungusha kwa uma kama tambi. Misumari anainyonya kama mifupa ya kuku. Sisi tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Baadaye nilisoma kwamba kiatu kile kilitengenezwa kwa peremende nyeusi.

Kwa nini niliipenda? Sababu yangu ni hii: tulicheka, lakini hatukumcheka. Pale mchangani hapakuwa na mtu asiyeijua njaa. Charlie alikuwa na njaa kama yetu, lakini heshima yake hakuiacha. Angalieni basi: nimewaambia nimeona nini, kisha nikawaambia kitu hicho kilinifanya nini. Hizo ndizo hatua mbili za kwanza za kutoa sababu.

Sasa picha ya pili. Hii niliipenda nusu na kuichukia nusu, na hilo pia laruhusiwa. Jina lake ni Hatari!, jina la Kiswahili kabisa, na ilitoka mwaka 1962. Sehemu kubwa ilipigwa hapa kwetu, upande wa Arusha, kabla ya uhuru wa Desemba 1961. Mchezaji mkubwa ni John Wayne. Kazi yao katika hadithi ni kukamata wanyama wa porini ili wapelekwe katika bustani za wanyama.

Nusu niliyoipenda ni ile ya kukimbiza wanyama. Gari linakwenda mbio uwandani, vumbi linatimka, na mtu amekaa katika kiti kilichofungwa mbele ya gari, ameshika mti mrefu wenye kitanzi. Kifaru anageuka na kulipiga gari kwa pembe. Wachezaji wenyewe ndio waliowakimbiza wanyama hao, tena wanyama wa kweli. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

Nusu niliyoichukia ni hii: nchi ni yetu, jina ni la lugha yetu, lakini hadithi si ya watu wetu. Wenyeji wanaonekana, wanashika kamba na kufanya kazi. Lakini hakuna hata mmoja ambaye hadithi inamfuata mpaka kwake, tukajua anampenda nani na anaogopa nini. Kifaru tulimjua vizuri zaidi kuliko watu hao. Siku ile nilitoka na furaha, lakini njiani furaha ikaanza kunichoma kama mwiba mdogo.

Sikuwa na kitu cha kulinganisha wakati ule. Leo ninacho. Mwaka 2021 ilitoka picha ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Humo Waswahili wa Unguja wa miaka ya 1950 wanasema Kiswahili chao, wanapendana, wanagombana, wanapinga ukoloni. Nilipoitazama, niliufahamu ule mwiba wa zamani ulikuwa nini. Basi hatua ya tatu ni hiyo: linganisha picha na picha.

Sasa nimefika kwenye picha niliyoichukia kabisa. Msishangae nikiwaambia jina lake, kwa maana ni picha iliyosifiwa sana. Ni Mother India, maana yake Mama Bara Hindi, picha ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Mimi niliiona mjini Tanga miaka kama kumi baadaye, nikiwa kijana wa kwenda senema kila nipatapo shilingi.

Yafaa mjue kwanza sheria yetu vijana. Mchezaji mkubwa tulimwita stelingi, na sheria yetu ilikuwa moja: stelingi hafi. Apigwe, afungwe, atupwe mtoni, mwishoni atarudi na kumshinda adui. Picha iliyovunja sheria hiyo tuliihesabu kuwa ni wizi wa fedha zetu.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke mkulima, jina lake Radha, aliyechezwa na Nargis. Mkwewe alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijijini, aitwaye Sukhilala, ili kulipia harusi ya Radha. Wakulima hao hawakujua kusoma. Wazee wa kijiji wakaamua kwamba mkopeshaji ana haki, na familia ikatakiwa kutoa robo tatu ya mavuno iwe riba tu. Mume akavunjika mikono kwa jiwe kubwa, kisha akaondoka na hakurudi tena. Radha akajifunga jembe mabegani, akailima ardhi mwenyewe na watoto wake.

Mwanawe mdogo, Birju, alikua na hasira moyoni. Mwishoni akawa jambazi. Akamwua Sukhilala, akayachoma madaftari yake ya madeni, kisha akamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Hapo Radha akashika bunduki, akampiga risasi mwanawe mwenyewe.

Nilitoka senema nikiwa nimekasirika sana. Kwangu mimi Birju ndiye aliyekuwa stelingi. Nilifika nyumbani nikamkuta mama yangu uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Yeye na shangazi walikuwa wameitazama picha hiyohiyo Jumapili iliyopita.

Nikamwambia, "Mama, picha ile mbaya. Mama gani humwua mwanawe?"

Hakunijibu upesi. Alikuna nazi ile mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeitazama bunduki. Mimi nimelitazama daftari."

Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa mchanga. Mama alikopa fedha kwa mwenye duka mmoja, akaweka rehani minazi kumi na miwili. Palikuwa na karatasi. Mama akatia dole gumba. Kila msimu alipeleka nazi kulipa, na kila msimu aliambiwa deni bado.

"Nikimwuliza," akasema mama, "hunifunulia daftari na kunionyesha mistari. Mimi ningejuaje kama ile ni hesabu, au ni michoro ya mtoto?"

Minazi ikaenda yote.

"Yule kijana alipoyachoma madaftari," akaendelea mama, "mimi na shangazi yako tulipiga kigelegele pale senema. Lakini alipomteka yule binti, nilinyamaza. Binti hakuandika deni lolote. Radha hakumwua mwanawe kwa kumchukia, alimwokoa mtoto wa mwenzake. Ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza. Ndiyo maana nililia."

Mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha kufika darasa la saba. Nilijua kusoma. Mama hakujua hata herufi moja. Lakini katika picha ile yeye ndiye aliyesoma, mimi nilitazama tu.

Hata hivyo sikukubali upesi. Ujana una ukaidi wake. Nikasema moyoni, "Hata iweje, stelingi asife." Miaka ikapita, ikaja picha ya Sholay, iliyotoka mwaka 1975. Humo wamo marafiki wawili, Jai na Veeru. Kila wanapotaka kukata shauri, Jai hurusha sarafu juu. Mwishoni Jai anabaki nyuma ili mwenzake apone, naye anakufa. Ndipo Veeru anaitazama ile sarafu, anakuta pande zote mbili zina picha ileile. Kumbe kila mara Jai alikuwa amekwisha kukata shauri mwenyewe.

Stelingi alikufa! Je, nilikasirika? La. Niliipenda picha ile kupita kiasi, nikarudi kuitazama tena. Basi nikajiuliza: ikiwa sababu yangu ya kuichukia Mother India ni kufa kwa stelingi, mbona hapa amekufa nami nimefurahi? Sababu yangu ilikuwa kama sarafu ya Jai. Niliirusha juu nikijidai napima, kumbe nilikuwa nimekwisha kuamua. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa kijana mwenye hasira, na sikupenda kumwona kijana mwenye hasira akizuiwa na mama yake.

Hiyo ndiyo hatua ya nne, nayo ni ngumu kuliko zote: ipime sababu yako kwa picha nyingine. Ikivunjika, usione haya. Tafuta sababu iliyo ya kweli. Mimi niliitazama Mother India mara ya pili nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Safari hii nililitazama daftari. Sasa ni miongoni mwa picha nizipendazo, ingawa ule mwisho hunisumbua hata leo. Nyimbo zake zimezidi kwa maoni yangu, na hilo pia nalisema wazi.

Mtaniuliza, "Na mama je?" Miaka ya 1970, kisomo cha watu wazima kilipoenea nchini, mama alijiunga. Alikwenda jioni na kibatari chake, pamoja na shangazi. Mwaka 1975 ulipofanywa mtihani wa kusoma na kuandika nchini kote, naye alikuwa miongoni mwa walioufanya, akafaulu.

Siku moja alifungua sanduku lake, akatoa ile karatasi ya rehani. Alikuwa ameitunza miaka yote. Akaketi mlangoni penye mwanga, akaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Mimi nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Minazi haikurudi, wala hakutazamia irudi. Alisoma mpaka chini, pale penye alama ya dole gumba lake. Kisha akainua uso akasema, "Kumbe hata jina langu walilikosea."

Basi, wanafunzi, hapo ndipo tutakapoishia. Sasa shikeni kalamu.

KAZI YA KUANDIKA

Chagua picha moja uliyoipenda au uliyoichukia. Kama hujapata kuona picha, chagua hadithi uliyosimuliwa. Andika sentensi nne:

1. Niliona nini?
2. Jambo hilo lilinifanya nini moyoni?
3. Ni picha gani au hadithi gani nyingine inayofanana nayo, nayo ilikuwaje?
4. Je, sababu yangu inasimama katika hadithi hiyo ya pili pia?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mama alisema, "Mimi nimelitazama daftari"?
2. Radha alifanya haki au hakufanya? Kila mmoja atoe sababu yake, na wengine wasikilize mpaka amalize.
3. Je, mtu asiyejua kusoma aweza kuielewa picha kuliko ajuaye? Toeni mifano.

MANENO YA SOMO

Rehani: mali iwekwayo kwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe.
Riba: fedha au mali inayotozwa juu ya deni.
Stelingi: mchezaji mkubwa katika picha, yule tunayemtakia ushindi.
Dole gumba: kidole kinene cha mkono. Kutia dole gumba ni kuweka alama yake badala ya sahihi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.