KUJIFUNZA UFUNDI NA KUPATA POSHO
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tutasoma, na tena tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni uanagenzi. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi, huku akiifanya kazi hiyo hiyo. Anashika randa, au mwiko, au anakaa kwenye cherehani. Kwa kazi anayoifanya hupewa fedha kidogo, nayo huitwa posho.

Njia hii si ngeni katika nchi yetu. Itazameni Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza misheni pale mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifuata Wakonsolata kutoka Italia. Pana kanisa, pana shule, pana hospitali. Majengo hayo yalihitaji matofali, milango, madirisha na vitanda, na kila kitu kilihitaji mkono wa fundi.

Hata Serikali ilitumia njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ilifunguliwa Ifunda, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vijana walisoma miaka 3 shuleni, kisha wakaenda miaka 2 kwa mwajiri kufanya kazi na kukamilisha mafunzo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna mwanagenzi, na kuna saidia fundi. Ukiwatazama kwa mbali wanafanana. Wote wawili wanabeba mbao, wote wanafagia karakana. Lakini saidia fundi analipwa kwa nguvu zake tu. Jioni akipokea fedha yake, fundi hana deni naye. Mwanagenzi ana malipo ya namna mbili: posho na ujuzi. Kama amepewa posho na hakufundishwa, bado anadai.

Hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Kijana huingia karakana akitumaini kuwa fundi. Mwaka wa kwanza anabeba mbao, mwaka wa pili anabeba mbao, mwaka wa tatu bado anatumwa dukani kununua misumari. Tena hakuna mahali palipoandikwa kwamba atafundishwa nini, wala lini.

Wazazi nao hukosea kwa njia yao. Wanaona posho ni ndogo, wakati kibarua wa kupakia mbao analipwa zaidi. Basi wanamtoa kijana kwa fundi. Ni kweli, nyumba yenye njaa haiwezi kungoja miaka miwili. Lakini posho ya mwanzo ina sababu ya kuwa ndogo. Mwanagenzi mpya huharibu mbao, na fundi huacha kazi yake ili amwelekeze. Ujuzi ukiongezeka, posho nayo lazima iongezeke. Kama haiongezeki, mwanagenzi amegeuzwa kibarua wa bei nafuu.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi pia ni mali. Haya, someni pamoja mfano huu. Mwalimu auandike ubaoni.

MAKUBALIANO YA KUJIFUNZA USEREMALA
1. Fundi atamfundisha mwanagenzi kwa miaka 2.
2. Miezi 6 ya kwanza: kukausha mbao, kupima, kukata na kupiga randa.
3. Miezi 6 ya pili: kuunganisha mbao, kutengeneza stuli na meza.
4. Mwaka wa pili: milango, madirisha na vitanda, na kumpigia mteja hesabu ya mbao.
5. Posho kwa siku ya kazi ni shilingi 3,000. Baada ya miezi 6 ni shilingi 4,000. Mwaka wa pili ni shilingi 6,000.
6. Wakati wa kupanda mahindi mwanagenzi atapewa siku 10 za kwenda shambani.
7. Mwanagenzi akiumia kazini, fundi atamtibu.
Sahihi ya fundi. Sahihi ya mwanagenzi. Sahihi ya shahidi.

Fedha hizo ni za mfano tu. Kwenu patakuwa na kiasi kingine. Shahidi anaweza kuwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Angalieni sharti la 2. Kwa nini kukausha mbao kumewekwa mwanzo? Mbao nyingi za Iringa ni za misindano kutoka Mufindi, ambako liko shamba la miti la Sao Hill. Mbao mbichi ikitengenezwa mlango, itakauka ikiwa mlangoni, itajipinda, na mlango hautafunga. Fundi hupanga mbao kivulini, akaweka vijiti kati ya mbao na mbao ili upepo upite. Hayo saidia fundi anaweza kuyaona kila siku asijue sababu yake. Mwanagenzi ana haki ya kuuliza na kuelezwa.

Sasa hesabu. Mwanagenzi wetu anaweka akiba shilingi 500 kila siku ya kazi. Kwa wiki anafanya kazi siku 6. Basi kwa wiki ana shilingi 3,000. Kwa wiki 50 ana shilingi 150,000. Kwa miaka 2 ana shilingi 300,000. Akinunua zana moja moja, leo nyundo, kesho msumeno, baadaye randa, siku ya kuagana na fundi hatatoka mikono mitupu.

Habari ya cheti pia ni muhimu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina chuo Iringa. Aliyejifunza karakanani au mtaani anaweza kwenda VETA kurasimisha ujuzi wake. Atapimwa, atafundishwa yaliyopungua, na akifaulu atapata cheti. Tena mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi, wa kuunganisha mafunzo ya chuoni na ya mahali pa kazi. Ujerumani hufanya hivyo kwa miaka mingi: mwanagenzi huenda shule siku moja au mbili kwa wiki, siku nyingine yuko kazini, na analipwa.

Mambo mawili ya mwisho. Kwanza, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto huyo mahali pake ni shuleni. Pili, wasichana na akina mama wasiambiwe kwamba kwao ni kushona tu. Wapo mafundi umeme na mafundi magari wanawake, na kazi yao inaonekana.

Ndugu zangu, zamani mtu asiyejua kusoma aliwekewa karatasi, akabonyeza dole gumba, akaondoka bila kujua amekubali nini. Ninyi sasa mnasoma. Mwanao akipelekwa kwa fundi, iombe karatasi, uisome yote kabla ya kutia sahihi.

MASWALI YA DARASA
1. Mwanagenzi na saidia fundi wanatofautianaje?
2. Kwa nini posho ya mwanzo ni ndogo, na kwa nini iongezeke?
3. Mwanagenzi akiweka shilingi 700 kwa siku, siku 6 kwa wiki, atakuwa na kiasi gani kwa wiki 50?
4. Andikeni makubaliano ya kujifunza kazi moja iliyopo kijijini kwenu: uashi, ushonaji, au nyingine.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.