Mkate Juu ya Makaa

Somo: 1 Wafalme 19:4-8



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tokea Kilifi mpaka Malindi, mkate uliobaki jana hautupwi. Hukatwa vipande vya unene wa kidole, ukabanikwa juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu, maana moto wenye ndimi huunguza nje kabla ndani hakujapata joto. Upande mmoja ukiiva rangi, hugeuzwa.

Cha kupaka nacho hakitoki mbali. Mama hutwanga konzi ya dania mbichi pamoja na chembe mbili za kitunguu thomu, pilipili mbichi moja na chumvi. Kisha hutia nazi iliyokunwa, hutwanga tena mpaka vishikane, na mwisho hukamua ndimu. Hiyo ndiyo chatini, nayo hupakwa mkate ungali moto. Wala hailazwi, kwa joto letu nazi huchacha upesi, basi hutengenezwa ya kuliwa leo.

Pengine mtatuuliza, haya ni mambo ya jikoni, neno la Mungu li wapi?

Mkumbukeni nabii Eliya. Alimkimbia Yezebeli, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu hakumwacha afe njaa pale. Alimtuma malaika amwamshe, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamhimiza ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kwa nguvu za chakula kile alikwenda siku 40 mpaka Horebu. Angalieni utaratibu wa Mungu: kwanza mkate, ndipo safari, ndipo sauti yake mlimani.

Somo hili latugusa sana sisi wa Kilifi na Malindi. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioambiwa kwamba kufa kwa njaa ni njia ya kumwona Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, ya watoto ikiwamo. Watoto wale hawakufunga. Walinyimwa chakula.

Kwa hiyo tuseme wazi. Kufunga kuna mahali pake katika Kanisa, lakini kila mfungo mwisho wake ni mezani. Naye nabii Isaya, katika sura ya 58, atufundisha kwamba mfungo umpendezao Mungu ni ule wa kumgawia mwenye njaa chakula chetu. Amnyimaye mtoto chakula kwa jina la Yesu hamtumikii Yesu yule ambaye, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate penye moto wa makaa, kando ya maji.

Nasi tufanye nini? Tusikiapo mahubiri, tuyapime kwa Maandiko pasipo kuona haya, hata msemaji akiwa amevaa kola kama sisi. Tukiona jirani amejitenga, watoto wake hawaonekani shuleni, naye auza vyombo vyake kana kwamba hatarudi, twende tukabishe hodi. Pakiwa na hatari, tumpashe chifu habari siku hiyo hiyo.

Wala tusiende mikono mitupu. Malaika hakuanza kwa kumkemea Eliya. Alimgusa, akamwambia ale. Vipande viwili vya mkate wa moto na chatini ya leo katika kisahani vyaweza kufungua mlango uliokataa kufunguka kwa maneno yetu mengi.

Tuombe. Ee Baba, uliyemlisha mtumishi wako alipotamani kufa, utupe leo riziki yetu, na utupe macho ya kumwona jirani anayedhoofika karibu nasi. Uwafariji waliofiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.