Saa za Shamba la Mizabibu

Jumapili ya 25 ya Mwaka A



Injili ya leo, kutoka sura ya 20 ya Mathayo, imejaa saa. Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Wenzetu wa Ulaya wanapoisoma huhitaji maelezo, kwa kuwa wao huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane. Sisi tusemao Kiswahili hatuyahitaji. Wayahudi wa wakati ule walihesabu saa za mchana tangu macheo, kama tuhesabuvyo sisi, na saa kumi na moja ya Mathayo ndiyo saa kumi na moja yetu, wakati wa kurudisha mbuzi zizini na kuwasha moto wa chakula cha jioni.

Kwa kawaida mfano huu huhubiriwa juu ya ile dinari moja, na ni haki, maana ukarimu wa Mungu ndio kiini chake. Leo tutupie macho mahali padogo zaidi: pale sokoni, penye watu waliosimama. Wanapoulizwa kwa nini wamesimama kutwa bila kazi, hawajibu kwamba walilala au walisahau. Wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Kwa hiyo tusiwe wepesi kumwita mwenzetu mvivu. Muda mwingi unaopotea kati yetu haupotezwi na mwenye nao. Unapotezwa na mtu mwingine.

Tuchukue mkutano ulioitishwa saa nne asubuhi, ukaanza saa sita. Watu 40 wamekaa mabenchini wakitazama mlango. Kila mmoja amepoteza saa mbili. Jumla ni saa 80, yaani siku 10 za kazi, tukihesabu saa nane kwa siku. Mtu akimwibia mkulima mmoja mazao ya siku kumi, atashtakiwa. Hizi zinaibwa kwa watu 40 mchana kweupe, kisha mkutano unafunguliwa kwa sala! Na mara nyingi anayechelewa si mnyonge. Ni yule anayesubiriwa kwa heshima: mgeni rasmi, mwenyekiti, wakati mwingine kasisi. Mnyonge alifika saa tatu na nusu, kwa miguu.

Katika karne ya sita Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki wake Kanuni yenye sura 73. Katika sura ya 48 anapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma, naye anazibadili kwa kufuata majira ya mwaka, kwa kuwa hakudhani kwamba siku zote zinafanana. Wanawe wa kiroho wako Peramiho, mkoani Ruvuma, tangu 1898, na Ndanda, mkoani Mtwara, tangu 1906. Anayeishi karibu na abasia anaijua kengele. Na Benedikto anataka jambo gumu: kengele ya sala ikilia, mmonaki aache alichoshika mkononi, hata kama hakijakamilika.

Sisi tumezoea kumsifu mtu asiyeachia kazi mpaka iishe. Benedikto aliona mbali zaidi. Kazi isiyo na mpaka hula sala, hula usingizi, na mwishowe hujila yenyewe. Mwalimu anayesahihisha madaftari hadi saa saba usiku hulazimika asubuhi kusahihisha masahihisho yake. Siku hizi nasi tuna kengele mfukoni, yaani simu. Lakini kengele ya monasteri hulia kwa saa yake, na hii hulia apendapo mwingine.

Hata hivyo, yuko mtu ambaye maneno haya yote yakimfikia bila uangalifu yatakuwa tusi. Ni mama aamkaye saa kumi alfajiri. Anachota maji, anatafuta kuni, anawaandaa watoto wa shule, analima, anapika, anamwogesha mkwe aliye kitandani, na hulala akiwa wa mwisho. Kumwambia huyu apange muda wake vizuri ni sawa na kumwambia aliyetwishwa magunia mawili ajifunze kuyapanga kichwani. Hana saa ya kukaa na mtoto wake aliyerudi akilia kutoka shuleni, na mtoto hatarudi kulia tena mwakani ili asikilizwe.

Dawa yake imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa alikuwa akiketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, nao wakimngoja wamesimama. Yethro, baba mkwe wake, kuhani wa Midiani, aliiona hali hiyo, wala hakumshauri aamke mapema zaidi. Alimwonya kwamba mzigo ule ungemchosha yeye pamoja na watu wake. Akamwelekeza achague watu waaminifu, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Hao wasikilize mashauri madogo, na yaliyo magumu tu yamfikie Musa. Musa akasikia. Kiongozi aliyelitoa taifa zima utumwani alikubali kufundishwa kazi na mkwewe, mtu wa kabila jingine. Hilo peke yake lingetosha kwa homilia nzima.

Katekista anayefundisha, anayeandika vyeti, anayefungua kanisa na kuongoza mazishi katika vigango vitatu, naye ni Musa kabla ya Yethro kufika. Halmashauri ya walei ina watu, wagawane.

Na nyumbani je? Wako vijana wa kiume wenye mabega ya kubeba ndoo, ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kisima ni chao pia. Basi leo, kabla ya chakula cha mchana, baba aketi na watoto, wazitaje moja moja kazi anazofanya mama tangu saa kumi alfajiri, na waelewane ipi inahamia kwa nani kuanzia kesho Jumatatu. Mama asisimame kuwahudumia wakati wa mazungumzo hayo. Yeye anywe chai yake ikiwa bado ya moto.