Mboga za Kiroba, Mlo wa Shule

Msikilizaji, ada katika shule za umma iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini mlo wa mchana wa mwanafunzi wa kutwa ulibaki mikononi mwa mzazi. Tandale, Dar es Salaam, wapo wanaoshinda na chai ya asubuhi tu, tena jirani na soko la nafaka!

Mwalimu Nyerere alihimiza shamba la shule katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, 1967. Sawa, lakini Tandale nyumba zimebanana. Shamba utalipata wapi? Tumia viroba. Simamisha katikati ya kiroba kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, pembeni weka udongo na samadi, kisha livute juu kidogo kidogo. Maji yatafika hadi chini. Toboa ubavuni, pachika matembele. Juu mwaga mbegu za mchicha. Wiki tatu hadi nne unachuma.

Usimwagilie maji ya Mto Ng'ombe unaopita Tandale, yanabeba taka za mji. Na kamati ya shule ikubaliane mapema nani atamwagilia wakati wa likizo. Hapo ndipo bustani nyingi hufia. Mboga peke yake haishibishi, kwa hiyo unga na maharage yachangwe, na mtoto ambaye kwao hawakuchanga ale bila kutajwa mbele ya wenzake.