Kupanda Kabla ya Kujua: Tumaini la Kikristo Bondeni Rufiji



Mhadhara wa teolojia juu ya tumaini huwa unaanzia mbinguni. Huu nauanzia Mloka, kijiji cha ukingo wa kaskazini wa mto Rufiji, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko mto ndio unaopanga mwaka. Mkulima anapanda mpunga mvua zinapoanza. Furiko likija kwa kiasi, mpunga unastawi, likizidi, unazama. Maji yakishuka, anarudi katika shamba lile lile na kupanda mahindi na kunde kwenye tope. Kilimo hicho kinaitwa mlao. Kinaishi kwa unyevu ulioachwa na maji yale yale yaliyoleta hasara.

Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba na makazi, Rufiji na Kibiti. Mtu aliyeshika jembe baada ya hapo hakuwa na hakika ya chochote. Kulikuwa na ndege, nguruwe pori na tembo, na jua lingeweza kuukausha udongo kabla mahindi hayajabeba. Alipanda hata hivyo. Mtume Paulo anawaambia Warumi kwamba kinachoonekana tayari hakitumainiwi tena, na Yakobo anamtaja mkulima kuwa mfano wa subira. Wenye mlao hawahitaji tafsiri ndefu ya maneno hayo.

Bonde hili linajua pia tumaini lililogeuzwa dhamana ya matokeo. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Siwacheki. Walikuwa wakilimishwa pamba kwa kiboko, na maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega. Lakini dawa ile iliahidi matokeo, na risasi hazikugeuka. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro Agosti mwaka huo huo.

Sisi Wakristo tusijione bora. Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi walipokanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Muumini anayefundishwa kwamba akikanyaga mafuta atapata kazi, gari na mume, amepewa hati ya madai dhidi ya Mungu. Hilo silo tumaini, na wanaolihubiri hivyo wanalipotosha.

Tazameni Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, yeye mwenyewe yuko kizuizini, naye ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati inatiwa sahihi mbele ya mashahidi na kuhifadhiwa katika chombo cha udongo. Mji ulianguka kweli. Ununuzi ule haukuuokoa. Nabii alilipa kwa sababu aliamini kwamba ardhi ile ingekuja kulimwa tena, hata kama si kwa mkono wake. Vivyo hivyo ufufuo, ambao ndio msingi wa tumaini letu, haukufuta Ijumaa ya msalaba.

Mwanateolojia Jürgen Moltmann, aliyeanza kusoma Biblia akiwa mateka wa vita, alichapisha mwaka 1964 kitabu kilichojengwa juu ya hoja kwamba mwenye tumaini hatulii na hali ilivyo. Mloka hoja hiyo ina kazi. Juu ya kijiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Sasa sehemu ya maji ya mlao inaamuliwa ofisini. Mkristo anayeomba mvua Jumapili na kukaa kimya kwenye mkutano wa kijiji, asiulize maji yatafunguliwa lini na nani atapewa taarifa mapema, ametumaini nusu.

Rufiji ni nchi ya Waislamu kwa wingi. Wakristo ni wachache. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu. Jirani atauliza nini kama hajaona kitu? Ataona tukimsaidia kulinda shamba usiku juu ya dungu, au tukimwazima debe la mbegu bila kumdai riba.

Kwa hiyo ombi langu kwa makanisa yanayochangisha kila yanapotokea mafuriko ni hili: unga na blanketi vikishafika, pelekeni mbegu ya mahindi ya muda mfupi, ifike kabla tope halijakauka, na msikiti upate kwa kipimo kile kile cha kanisa.