Hewa ya Shimoni na Mtu Anayemwokoa Mwenziwe



Mtu akizimia ndani ya kisima au shimo la choo, wa kwanza kumfuata ni ndugu yake, na wa pili ni jirani aliyesikia kelele. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini imetokea mara nyingi kwamba hutolewa maiti watatu mahali ambapo pangetolewa mmoja, au asitolewe hata huyo. Mwaka 1986 idara ya Marekani ichunguzayo usalama wa wafanya kazi ilieleza kuwa, katika vifo vya mashimoni, matangini na mahali pengine palipofungika, zaidi ya 60 katika kila 100 vilikuwa vya watu walioingia kuwaokoa wenzao.

Sababu ni hewa. Hewa ya huku juu ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100. Chini ya kisima kirefu, au shimoni mlimooza uchafu, oksijeni hupungua, na mahali pake hukaliwa na hewa nyingine nzito isiyofaa kuvutwa. Ikipungua sana, mtu huvuta pumzi mara mbili tatu, magoti yakalegea, akaanguka, asipate nafasi hata ya kupiga ukelele. Katika mashimo ya choo huweza kuwamo pia hewa ya sumu inukayo kama mayai yaliyooza, nayo ina hila: ikizidi huifisha pua, hata mtu akadhani imekwisha toka.

Wazee wengi huteremsha kandili kwanza, ikizimika, hawashuki. Desturi hiyo ina akili, maana moto nao wahitaji oksijeni. Lakini taa haiwezi kueleza habari za sumu, tena shimoni mwa choo huweza kuwamo hewa iwakayo, ikalipuka. Kitambaa chenye maji puani nacho hakifai: chazuia vumbi, hakileti oksijeni. Mashine ya petroli ya kuvuta maji isishushwe kisimani kamwe, kwa kuwa moshi wake huua.

Askari wa zimamoto hashuki vivi hivi. Huchukua mgongoni chupa ya hewa safi, hufunika uso wote, hufungwa mkanda wenye kamba, na wenzake hukaa juu wakimwangalia. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yawataka wenye kazi kuwalinda hivyo watu wao. Kisima cha nyumbani, bahati mbaya, hakina msimamizi.

Basi jambo hufanywa kabla ya hatari. Fundi wa visima na afungwe mkanda imara wa kifua na mabega kabla hajashuka, na kamba ishikwe na watu watatu wenye nguvu. Wamwite mara kwa mara. Siku asipojibu, wamvute papo hapo, bila mtu mwingine kutia mguu shimoni. Na kama hakufungwa kamba, watu wazuiwe wasishuke, na zimamoto waitwe kwa simu 999.