Moto wa Makaa: Kupokea Msamaha na Kuutua Mzigo wa Hatia



Aliyekopa unga dukani akashindwa kulipa huanza kupitia uchochoro wa nyuma. Siku moja mwenye duka anafungua daftari, analikata jina lake kwa kalamu, anamtuma mtoto: "Mama anasema lile deni ameshakusamehe." Mtu yule anashukuru, na kesho yake anapita uchochoroni tena. Wakristo wengi tuko hivyo. Tunaamini kwamba Mungu husamehe, ila mbele ya duka hatupiti.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Sala ya Bwana, Mathayo 6, kitenzi cha Kigiriki cha kusamehe deni ni afiemi. Kitenzi hichohicho kimo katika Marko 1, pale Simoni na Andrea wanapoziacha nyavu zao. Nomino yake ndiyo tunayoikiri katika Kanuni ya Imani tunapotaja ondoleo la dhambi. Kusamehewa, basi, ni kuachiliwa.

Simoni huyo ndiye Petro. Yohana 18 inatuonyesha usiku wa baridi katika ua wa kuhani mkuu. Watumishi wamewasha moto wa makaa, Petro anaota nao, na usiku huo anamkana Bwana wake mara tatu. Katika Yohana 21 kumepambazuka. Wavuvi wanashuka ufukweni, wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Neno la Kigiriki la moto huo wa makaa, anthrakia, limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote: uani na ufukweni.

Aliyepikia mkaa anajua harufu yake inavyoshika nguo. Naamini Petro aliposogea pale, usiku ule ulimrudia wote. Yesu hakumwambia asahau. Alimlisha kwanza. Kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kondoo wake. Donda liliguswa palepale lilipokuwa, na mwenye donda akapewa kazi.

Mtaniuliza: na aliyedhulumiwa je? Swali hilo ni la haki. Zakayo, katika Luka 19, alipokelewa kwanza, kisha akaahidi kuwarudishia mara 4 aliowanyang'anya. Vivyo hivyo katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea miaka ya 1930 na 1940 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika: waliookoka waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba. Hawakuwa wakinunua msamaha. Mikono yao ilikuwa imefunguka.

Anayeishikilia hatia, kinyume chake, hana mkono wa kurudishia kitu. Mawazo yake yote yako kwake mwenyewe. Tumezoea kuiita hali hiyo unyenyekevu. Mimi naona ni kuiweka hukumu yetu juu ya hukumu ya Mungu: Yeye amelikata jina daftarini, sisi tunaliandika upya kila usiku.

Ndugu zangu, kama yupo hapa aliyekwisha kutubu, akarekebisha alichoweza, na bado anaungama kosa lilelile mwaka baada ya mwaka, namsihi kwa upendo: kesho asubuhi usikate uchochoroni. Pita mbele ya duka, usimame, umwamkie mwenye duka. Amekuwa akikungoja.